Ufunguo Uko kwa Nani

Onyo lilifika saa mbili asubuhi,
ukungu ukiwa bado umeukalia Mlima Meru
kama kuku aliyeatamia.
Simu zao zililia pamoja, meza kwa meza,
mkate ukaachwa umepakwa siagi upande mmoja.
Yangu haikulia.
Niliitoa mfukoni, nikaitazama, nikairudisha.
Mimi ni raia wa hapa hapa Arusha;
nani atanifungulia ubalozi nyumbani kwangu?

Bi Margit wa chumba namba tisa
alinijia getini, sweta begani, miwani mkononi,
akanisomea kwa Kiswahili alichookota
miaka mitatu ya kufundisha Usa River:
Badilisha njia kila siku.
Usikae karibu na dirisha.
Epuka mahali panapopendwa na wageni.
Jua mlango wa pili ulipo.
Kisha akauliza, "Lomayani, wewe unaonaje?"

Ninaonaje.
Njia ya kutoka kwangu Sakina ni moja, mama,
na masika inakuwa nusu.
Kibanda changu ni madirisha matatu na kiti.
Na mahali panapopendwa na wageni
ndipo panaponipa unga.
Hayo sikuyasema. Nilisema, "Tuko macho, mama,"
nikainama na kioo changu cha mpini mrefu
chini ya gari la mboga.

Watu hudhani kioo kile kinaonyesha hatari.
Miaka sita kimenionyesha udongo wa Monduli,
ekzosi iliyofungwa kwa waya,
paka mmoja, sikukuu ya Krismasi,
na mara nyingi kidevu changu mwenyewe
kimepinduka, hakijanyolewa.
Siku ile nilikipitisha mara mbili kila gari.
Mzee Kaaya wa karoti,
tunayejuana tangu pikapu yake ikiwa na rangi,
alishuka, akafungua nyuma bila kuambiwa,
akageuzia uso barabarani.
Nikainua karoti, fungu kwa fungu, hadi kwenye bati.
Hatukutaniana.
Aliondoka bila kuniachia ile moja ya kutafuna.

Ilipofika saa sita, mabasi madogo mawili
yalikwisha kuwapeleka KIA.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema;
mgeni alipokwenda, mpishi alirudisha kuku kwenye friji
na meneja akasema zamu za wiki ijayo
ataziangalia.
Bi Margit alibaki. Ana mitihani ya kusahihisha, alisema.
Alisogeza kiti mbali na dirisha, hatua moja,
kisha akakirudisha:
mwanga haukumtosha.

Usiku nilikwangua vocha, nikampigia Namnyaki.
Mdogo wangu yuko Nairobi, anauza mikate
ghorofa ya chini ya jengo la maduka.
Ni safari ya nusu siku tu kwa basi, kupitia Namanga,
lakini ng'ambo ya lile geti la mpaka
yeye ndiye mgeni, mwenye muhuri na tarehe ya mwisho.
Nikamsomea yote, kutoka kichwani.
Badilisha njia.
Akacheka: "Njia ipi, kaka? Napanda kinachokuja."
Usikae karibu na dirisha.
"Mikate inauzwa dirishani."
Beba kivuli cha pasipoti.
"Ninacho. Ndani ya kiatu."
Hapo hatukucheka.
Jua mlango wa pili ulipo.

Akakaa kimya. Nilisikia trei zikipangwa,
bati juu ya bati.
"Upo," akasema. "Nyuma ya magunia ya unga.
Una kufuli.
Tajiri alilitia mwezi wa tatu,
sukari ilikuwa inaibwa."

Mbwa wetu alikuwa amelalia buti langu la kushoto.
Mlima ulikwisha kufunuka, mweusi, mzima,
na salio lilikuwa la dakika moja.
Sikumwambia asali; mama atamwambia.
Nilimwambia: kesho, kabla hujavaa aproni,
kabla hata ya shikamoo,
uliza ufunguo uko kwa nani.
Na magunia yale, Namnyaki,
yale magunia